Matete ni matete: bwawa la majitaka lilivyoziharibia jina karoti za bonde letu

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Leo nina kisa cha choo na karoti. Najua kuna wanaokula muda huu. Watanisamehe, ndivyo kilivyotokea na sitakipaka rangi. Majina ya watu nimeyabadilisha na jina la kijiji linabaki kapuni. Mengine yote ni kama nilivyoyaona, na ambayo sikuyaona nitasema wazi kwamba sikuyaona.

Mimi ni kijana wa milima ya Usambara, Lushoto, kwenye njia ya kupanda kwenda Mlalo. Nilisoma kemia chuo kikuu. Nilipomaliza nilirudi nyumbani kusubiri ajira, na wakati nasubiri nikawa nalima karoti na mama.

Msianze na "kijana jiajiri". Kulima najua. Uzi huu hauhusu hilo.

Kwanza niwachoree ramani, maana bila ramani hamtaelewa.

Juu kabisa kuna shule ya sekondari ya bweni, wanafunzi tele. Chini ya shule ni mteremko wa mashamba ya ngazi. Chini kabisa kuna kijito, na pembeni ya kijito bustani za karoti, kabichi na hoho. Shamba la mama lipo katikati ya mteremko, kwenye udongo mwekundu. Halimwagiliwi na kijito. Linamwagiliwa na mfereji unaotoka kwenye chemchemi ya upande wa pili wa kilima.

Hilo la mfereji likumbukeni.

Sasa ile shule vyoo vyake vilikuwa vimejaa miaka mingi. Mvua za masika zikinyesha, mashimo yanafurika, na kinachofurika kinateremka. Kinateremka wapi? Kwenye kijito. Watu wakamwagilia mboga, wakaosha karoti, fuso zikapakia, Dar wakala. Kila masika watoto wa bondeni wanaharisha, na kila masika tunaambiwa ni maembe ya Muheza.

Maembe, wakuu. Watoto wasio na hela ya embe.

Basi ukaja mradi. Siusemi ni wa nani, maana hata mabango yalikuwa na nembo nyingi mpaka sikujua nani ni nani. Uliletwa na injinia mmoja mtanashati, mtu wa pwani, ana kizibao cha kung'aa utadhani anaongoza ndege.

Mkutano ulifanyika ofisi ya kijiji. Injinia akatuonyesha picha ukutani. Kuna kijiji kidogo huko pwani, majitaka ya nyumba na vibanda vya wageni yalikuwa yanaingia baharini. Wakajenga tangi la kutuamisha uchafu, halafu vitanda vya kokoto vilivyopandwa matete. Maji machafu yanapita polepole chini ya kokoto, vijidudu wanaoishi kwenye kokoto na mizizi ya matete wanakula uchafu, na maji yanatokea upande wa pili yakiwa na nafuu.

Nafuu. Shikeni hilo neno, maana ndilo alilolitumia kwenye slaidi, na ndilo lililokuwa la kwanza kusahaulika.

Mimi siupingi huo utaalamu. Unafanya kazi, nimeusoma. Nilichouliza ni kingine.

"Injinia, kule pwani watu wanafuga nini?"

Akacheka. "Swali zuri. Tutalijibu mwishoni."

Mwishoni zikaja soda.

Mjomba wangu, nimwite Shemboza, kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mradi. Alichaguliwa kwa sababu ana sauti kubwa na ng'ombe wengi kuliko wengine. Baada ya mkutano akanivuta pembeni.

"Mpwa wangu, ukipewa kitu unasema asante. Huulizi kitu kilitoka wapi na kinafuga nini."

"Shikamoo mjomba," nikasema, maana siku ile nilikuwa sijamsalimia.

"Marahaba. Na hiyo ungeanza nayo kabla ya maswali."

Ujenzi ukafanyika. Tangi likajengwa, vitanda vya kokoto viwili, na mwisho kabisa bwawa la saruji la kupokea maji yaliyopita, lenye ngazi nzuri za kushukia, karibu kabisa na barabara. Nikauliza ngazi ni za nini. Nikaambiwa za fundi, akitaka kusafisha. Sawa.

Ikabaki kupanda matete. Hapa ndipo penye kisa chenyewe.

Injinia aliagiza kwa ujumbe wa simu: wananchi wapande matete. Mjomba akatangaza msaragambo, kazi ya kijiji kizima, siku ya Jumamosi, kila kaya ije na mzigo wa matete. Asiyekuja anatozwa faini.

Wakuu, kule pwani alikokulia injinia, matete ni yale ya majini, membamba, yana kichwa kama ufagio, watu wanajengea ua. Ng'ombe hana hamu nayo.

Kwetu milimani ukimwambia mtu "leta matete" anakuletea majani ya ng'ombe. Yale marefu manene yanayopandwa kwenye kingo za ngazi ili udongo usiporomoke na ng'ombe wa zizini apate kula. Kila nyumba inayo. Mtoto wa chekechea anayajua. Hakuna mtu milimani kwetu aliyewahi kusikia matete mengine.

Jumamosi watu wakaja na mizigo ya majani ya ng'ombe. Wakapanda kwenye kokoto kwa mistari iliyonyooka, kwa nyimbo. Kazi nzuri sana. Kazi nzuri ya kitu kingine.

Nikamfuata mjomba. "Mjomba, yule mtu kwenye picha alionyesha mmea mwingine. Haya ni ya ng'ombe."

"Aliandika nini kwenye ujumbe?"

"Matete."

"Na haya yanaitwaje?"

"Matete."

"Basi. Matete ni matete. Au huko chuo mlikuwa na matete ya Kizungu?"

Watu wakaangua kicheko. Mama alikuwa anapanda mstari wa pembeni, naye akacheka, simlaumu, ilichekesha kweli. Mjomba akapiga picha, akamtumia injinia. Injinia akajibu kwa alama ya dole gumba. Kwa mbali, kwenye kioo cha simu, kijani ni kijani.

Nikampigia mwenyewe. Akaniambia kwa upole, kama anaongea na mgonjwa, kwamba kamati ndiyo inayosimamia na nipitie kwa kamati. Kamati ni mjomba. Nikarudi palepale.

Yale majani yalipoota, acheni. Upande wa kuingilia, ambako uchafu ni mwingi, yalistawi mpaka yakanizidi urefu. Upande wa mwisho maji yalisimama kwenye mizizi, na yale majani hayapendi miguu yake ilowe muda wote, yakawa ya njano, mengine yakaoza. Lakini wageni walikuwa wanaoneshwa upande wa mbele.

Ukafika ufunguzi. Mgeni rasmi, cheo chake nakiacha. Bango kubwa: MAJITAKA SASA NI MAJI SAFI.

Injinia hakusema hivyo. Nataka nimtendee haki hapo. Yeye alisema nafuu. Lakini bango liliandikwa na mtu wa mabango, na mtu wa mabango anataka maneno mafupi.

Wakachota glasi kwenye bwawa la mwisho, siku hiyo yalikuwa angavu kweli. Mgeni rasmi akaiinua juu, jua likapita ndani.

"Ndugu wananchi! Maji haya hata kunywa unakunywa!"

Makofi. Glasi ikarudi mezani imejaa.

"Kunywa basi, mheshimiwa!" Sauti ilitoka nyuma. Nakiri haikuwa yangu, nilitamani ingekuwa yangu. Ilikuwa ya bibi mmoja anayeuza ndizi barabarani. Watu wakacheka, mgambo wakageuka kutafuta kijana wa kumlaumu, wakaniona mimi.

Mimi niliuliza tu kama maji yamepimwa maabara. Nikasogezwa nyuma ya turubai, nikasikilizia hotuba nikiwa nimesimama kwenye matope.

Wakuu, maji angavu siyo maji salama. Hili ni somo la sekondari. Vimelea vya kuhara havina rangi. Lakini ukishaandika MAJI SAFI kwenye bango la urefu ule, kemia yangu ni kelele tu.

Kwa mnaonunua tu sokoni, karoti ikishang'olewa inakatwa majani, inaoshwa, ndipo inajazwa kwenye gunia mpaka lumbesa, yaani mpaka lifurike juu ya mdomo. Dalali wa Dar anataka karoti inayong'aa. Yenye udongo anaisukuma kwa mguu. Kwa hiyo kuosha ni nusu ya kazi. Watu walikuwa wanaosha kijitoni kwa kukanyaga kwa miguu, halafu wanapandisha magunia mgongoni hadi barabarani, mlima unakukata pumzi.

Sasa fikirini. Kuna bwawa la saruji. Lina ngazi. Lipo barabarani, fuso inasimama hapohapo. Na kuna bango.

Wiki haikuisha, bonde zima likawa linaosha karoti kwenye bwawa la choo.

Nilisimama pale nikawaambia. Jamani, haya yametoka kwenye vyoo vya shule. Wakanijibu yamesafishwa. Nikasema yamepata nafuu. Wakaniuliza, "Mgonjwa akipata nafuu si anaruhusiwa?" Mtu mzima na akili zake ananijibu hivyo huku anakanyaga karoti.

Mama aligoma. Aliosha kwenye mfereji wake wa juu kama siku zote, halafu tukabeba magunia kuzunguka kilima. Mjomba akamcheka, eti dada yake anapenda mateso.

Mama akamwambia, "Kaka, maji yamepita kwenye kokoto, nimekubali. Mimi nami nimepita kanisani miaka yote hii, mbona bado nina dhambi?"

Mjomba akageukia karoti zake. Ni mzee wa usharika.

Kikaingia kiangazi.

Kiangazi kwetu shida kubwa siyo chakula cha watu, ni cha ng'ombe. Majani kwenye kingo yanakauka. Watu wanatembea mbali na mundu kutafuta mzigo mmoja. Na pale chini ya shule kuna vitanda vizima vya majani mabichi, marefu kuliko mtu, yanayonyweshwa usiku na mchana na wanafunzi wa bweni.

Mlitegemea nini?

Aliyeanza kukata simjui. Wa pili namjua, ni mjomba, mwenyekiti wa kamati. Nilimkuta ameinama kwenye kitanda cha kokoto, mundu mkononi.

"Shikamoo mjomba. Unakata mtambo?"

"Marahaba. Nakata majani."

"Hayo majani ndiyo mtambo."

"Yataota tena. Ng'ombe akifa anaota tena?"

Ndani ya muda mfupi vitanda vilinyolewa vipara. Waliokata walikanyaga kokoto, zikashindiliana na tope. Wengine waling'oa na shina kabisa. Maji yakakosa njia ya kupita chini, yakaanza kupita juu juu, moja kwa moja kutoka kwenye tangi hadi bwawa la karoti. Rangi ikawa ya kijivu. Harufu sina haja ya kuieleza.

Na waliendelea kuosha. Walisema maji yamechafuka kidogo kwa sababu ya kiangazi.

Kisha mtu akapiga video. Sijui nani. Wengi mpaka leo wanadhani ni mimi, na nimeshachoka kukataa. Inaonyesha miguu inakanyaga karoti, kamera inapanda taratibu kufuata maji, kitanda, tangi, bomba, mpaka choo cha wavulana. Haina maneno hata moja. Haikuhitaji.

Ilizunguka kwenye magrupu kama moto. Karoti za bonde letu zikapata jina. "Karoti za chooni." Madalali wa Dar wakaacha kupiga simu. Fuso zikawa zinapita kwenda kupakia Malindi ya hukuhuku Lushoto, zikifika kwetu zinaongeza mwendo.

Sasa nirudi kwa mama, maana hapa ndipo iliponiuma.

Mama hakuwahi kutia karoti hata moja kwenye lile bwawa. Shamba lake halijawahi kupata tone la kijito. Lakini gunia halina mdomo wa kujitetea. Karoti ya mama na karoti ya mjomba zote zinatoka kijiji kimoja, barabara moja. Zote za chooni.

Na karoti haikusubiri maneno yaishe. Ikikomaa ikakaa ardhini inapasuka, inakuwa ngumu katikati kama kuni. Mama alikuwa na shamba zima limekomaa. Kilikuwa kilimo chake cha mwaka, hana kingine. Kila asubuhi alikuwa anang'oa moja, anaivunja, anaangalia kati, anaitupa kwa ng'ombe.

Mimi mama yangu akiongea ninajua nijibu nini. Akinyamaza sijui.

Injinia akaja. Safari hii bila kizibao. Mkutano tena, na kosa lilikuwa limeshapata mwenyewe: uelewa mdogo wa wananchi.

"Tuliagiza matete, wananchi wakapanda malisho ya mifugo," akasema, kwa huzuni ya mtu asiyehusika.

Nikasimama. "Injinia, uliwahi kuuliza hapa kwetu matete ni nini?"

"Kwenye andiko la mradi tuliweka jina la kisayansi."

"Ulitusomea?"

"Andiko ni la kitaalamu, kaka."

"Na picha uliyotumiwa siku ya kupanda, ulijibu dole. Lile dole lilikuwa la kitaalamu?"

Kicheko. Lakini kicheko hakinunui karoti. Akasema awamu ijayo itakuwa na kipengele cha elimu kwa jamii. Yaani sisi tuliokuwa tunajua matete yetu toka tumezaliwa ndio tutakaofundishwa. Yeye hafundishwi.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama anaongea na simu, kwa Kiswahili chake cha heshima anachokitumia kwa wageni. Alikuwa amempata mama mmoja mfanyabiashara wa sokoni Muheza, nimwite Mama Zuhura. Anauza mboga na viungo. Video ameiona.

Mama akamwambia hivi, nilisikia kwa masikio yangu: "Mimi nakuuzia zenye udongo. Usinunue karoti yangu ikiwa imeoshwa. Karoti yenye udongo wa shambani haijaenda bwawani. Ukifika kwako, osha mwenyewe kwa maji yako."

Wakuu, mimi na digrii yangu nilikuwa nawaza vipimo vya maabara, barua na vyeti. Na hata sasa bado nasema vipimo vilitakiwa. Lakini nilicheka peke yangu uani. Tumefika mahali ambapo uchafu ndiyo uthibitisho wa usafi.

Mama Zuhura akaja na Canter yake. Mama wa watu mrefu, mtandio umefungwa vizuri, maneno machache. Akaangalia karoti nyekundu kwa udongo, akavunja moja, akanusa. Akachukua mzigo. Wiki iliyofuata akarudi akachukua mwingine. Akasema soko lake limezipenda, zinakaa muda mrefu bila kuoza.

Bonde halina siri. Kila mtu akataka kuuza karoti zenye udongo.

Tatizo ni kwamba wengine karoti zao zilikuwa zimeshaoshwa bwawani, zimekaa stoo zinasubiri dalali ambaye haji. Mjomba alikuwa nazo nyingi.

Siku ya Canter kuja mara ya tatu, asubuhi, nilipita shambani kwa mjomba kuchukua jembe letu. Nikamkuta yeye na mkewe wamemwaga karoti kwenye tuta, wanazimwagia maji na kuzigaragaza kwenye udongo. Karoti zilizooshwa kwenye maji ya choo, zinavishwa matope ili zionekane hazijaoshwa.

Sikujua nianze kucheka wapi.

"Shikamoo mjomba. Unazipamba?"

Hakuitikia. Mara ya kwanza maishani mwangu mjomba kuacha shikamoo yangu hewani.

Nilikimbia kumwambia mama. Alikuwa anafunga mdomo wa gunia. Akaendelea kufunga. Nikamwambia tumwambie Mama Zuhura sasa hivi, kwa simu.

"Nyamaza kwanza," akasema kwa Kishambaa. Mama akihamia Kishambaa, mjadala umefungwa. "Yule ni kaka yangu. Si kazi yako."

Tukaenda barabarani. Mama Zuhura akakagua magunia ya mama, akaridhika, vijana wakayapakia. Mjomba akafika na yake, amevaa koti la Jumapili. Mama Zuhura akafungua moja, akaona udongo, akatikisa kichwa kukubali. Vijana wakashika gunia la kwanza.

Mama alikuwa amesimama kando, mikono ndani ya kanga. 

"Mama Zuhura," akasema, "magunia ya kaka usipakie. Yameoshwa bwawani. Huo udongo umepakwa leo."

Vijana wakaliachia gunia.

"Dada," mjomba akasema taratibu, "unanivua nguo mbele ya mgeni?"

"Ulijivua mwenyewe, kaka, ulipozivalisha karoti."

Mama Zuhura akachukua karoti ya mjomba, akaifuta kwa ncha ya mtandio. Ikang'aa chini ya tope. Akaiangalia, akaiweka chini polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

Halafu akageuka kwa mama. Mimi nilidhani atamshukuru. Mimi bado mtoto.

"Na wewe, mama, nitajuaje? Kaka yako kafanya. Nyumba moja, ziwa moja mmenyonya. Shusheni yote."

Wakashusha. Magunia ya mama yakarudi chini, kando ya yale ya mjomba, na kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Nilifungua mdomo nianze kueleza mfereji, chemchemi, upande wa pili wa kilima. Mama akanizuia kwa mkono.

"Ana haki," akasema. Kisha akamwambia Mama Zuhura, "Twende shambani. Kuna ngazi mbili sijazigusa. Ng'oa mwenyewe kwa mkono wako. Utakachokitoa ardhini ndicho utakachobeba. Haya magunia yaache, sitakudai uyaamini."

Mama Zuhura akasogea ukingoni mwa barabara. Akaangalia mteremko, akaangalia viatu vyake. Akavivua, akampa dereva.

Alishuka pekupeku mpaka ngazi za mama, akauona mfereji, akaufuata mpaka unapotokea, akarudi. Akakunja mikono ya nguo, akang'oa. Mama akang'oa pembeni yake. Mimi nilikata majani. Hawakuongea mambo mengi, waliongea habari za watoto. Canter iliondoka nusu tupu, lakini iliondoka na karoti za mama.

Yale magunia yaliyoshushwa tulirudi nayo. Tulikula karoti kwa kila mtindo unaoujua na usioujua. Ng'ombe naye alikula mpaka akawa anageuza uso akiona ndoo.

Mpaka leo huo ndio utaratibu. Mama Zuhura haji barabarani, anakuja shambani. Wengine wachache wenye mashamba kwenye mfereji wa juu nao wameingia. Wa kando ya kijito bado wanahangaika, na mjomba ni mmoja wao. Kwa mama anakuja ibada za jumuiya, wanasalimiana, wanaimba. Karoti haitajwi.

Vitanda vya kokoto vimefumuliwa na kupandwa matete ya majini, yaliyoletwa kwa gari kutoka tambarare huko chini Mombo. Ngazi za bwawa zimezibwa. Bango limetolewa, nasikia wameezekea banda la kuku. Maji yanatoka angavu tena.

Yako salama? Sijui. Hakuna aliyeyapima. Nimeuliza, nimeambiwa ni awamu ijayo.

Nilichojifunza, na mnisahihishe kama nimekosea: mradi ukiletwa kijijini kwenu, kabla hujapiga makofi uliza kila kitu kilichomo kwa lugha ya hapo kinaitwaje, na nani wa hapo anakila. Mambo mawili tu. Yangeulizwa, yasingechukua hata muda wa soda. Na wale mnaokuja na "wananchi wetu hawana uelewa", mjue wananchi walielewa kila neno mlilowaambia. Walipanda matete. Waliosha kwa maji safi. Mliandika nyie.

Jingine ni kwamba usitegemee ukweli ukulipe hapohapo. Mama aliusema, na dakika hiyohiyo magunia yake yakashushwa.

Karibuni kuchangia. Wataalamu wa majitaka njooni mnipinge kwa hoja, siyo kwa vyeo. Na wa Lushoto mtakaonitambua, uwanja ni wenu, tukaneni kwa heshima.

Ila wewe wa mjini unayesoma huku unachagua karoti zinazong'aa sokoni na kuziacha zenye udongo, kabla hujaandika "hahaha washamba", tuambie kwanza: hizo ulizonunua ziling'arishwa wapi?